Wamonaki Walioliwa na Mchwa

Siku niliyopewa kile kitabu nilikuwa nimekwenda parokiani kuazima pampu ya baiskeli. Nasema mapema ili mtu asidhani nilikwenda kutafuta elimu. Elimu nilikuwa nayo ya kutosha, tena ilikuwa hainisaidii kitu. Upande wa Kongo nilikuwa mwalimu wa darasa la sita, mtu wa chaki na kalamu nyekundu. Upande huu wa ziwa nilikuwa mtu wa baiskeli, nikibeba chisense kutoka Kabuta, kijiji cha ufukweni, na kuwapelekea watu wa ndani wasio na ziwa. Chisense ni samaki wadogo, wembamba, wa kung'aa, wanaoanikwa mchangani mpaka wakauke kwa jua. Gunia lao moja lina harufu inayomtangulia mwenye baiskeli, kwa hiyo sikuhitaji kengele.

Padri wetu, kijana mzaliwa wa huku huku, alikuwa akisafisha stoo ya wamisionari wa zamani. Alikuwa amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, na mbele yake palikuwa na sanduku la vitabu ambalo mchwa walikuwa wamelifikia kabla yake. Akachagua kimoja kilichokuwa bado na umbo la kitabu, akakipuliza, akanikabidhi pamoja na pampu. Alisema hicho ni Kifaransa, na Kifaransa ni lugha yetu sisi Wakongo, basi nikisome au nikiwashie moto, yeye amechoka.

Kilikuwa historia ya monasteri moja ya Ulaya, iliyojengwa mamia ya miaka iliyopita na wamonaki wa kanzu nyeupe. Kitabu kiliwaita kwa jina la Kifaransa lenye mikunjo mingi. Mimi nikalinyoosha, nikawaita Wasistersia. Utangulizi ulikuwa mzima. Ulisema kwamba leo mahali pale hapana kitu, ni malisho ya ng'ombe tu, na mawe ya kanisa lile kubwa yamo katika kuta za nyumba za kijiji cha jirani. Sura za katikati nazo zilikuwa nzima, isipokuwa pembezoni. Lakini theluthi ya mwisho haikuwepo kabisa. Mchwa walikuwa wameanzia nyuma, kama mwanafunzi mvivu anayetafuta majibu. Nikakifunga kwenye karia ya baiskeli, juu ya gunia, na tangu siku ile historia ya Wasistersia ikanuka samaki.

Mama yangu alikuwa akianika chisense Kabuta pamoja na wanawake watano. Wawili walikuwa wa kwetu Kongo, tuliovuka nao ule mwaka tulipopokewa katika kambi ya wakimbizi ya Kenani. Watatu walikuwa Wabemba wa hapa hapa, ambao Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni lakini kilikuwa na nguvu. Asubuhi wanamwaga chisense mchangani, wanazitandaza kwa mikono, kisha wanakaa kufukuza kuku na kunguru mpaka jua likaushe upande wa juu, ndipo wanageuza. Sheria yao ilikuwa moja. Mwanamume akitaka kukaa kivulini mwao bila kushika kazi, lazima alete maneno. Na hadithi iliyoanzwa pale mchangani haikatwi katikati, kwani ikikatwa, walisema, mvua itanyesha samaki wangali wabichi. Mimi nilisoma fizikia kidogo, siamini mambo hayo. Lakini sikuwahi kuona yeyote akijaribu kukata.

Basi nikaanza kuwasomea, nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili chetu kadiri nilivyokwenda. Nilisoma jinsi walivyofika wamonaki kumi na wawili na mkubwa wao wa kumi na tatu, anayeitwa abate, kwenye bonde lenye matope ambalo hakuna mtu aliyelitaka.

Kiongozi wa wanawake wale, mama mmoja Mbemba mwenye kicheko cha kusikika mpaka majini, akainua mkono.

"Ba ticha, batu kumi na tatu, bibi hakuna hata moya?"

"Hakuna."

"Nani anabapikiaka?"

"Wanajipikia wenyewe."

"Awe! Basi banakufa na njaa. Hadithi inaisha."

Hawakufa na njaa. Walichimba mifereji, wakakausha bonde, wakafuga kondoo, wakatengeneza mabwawa ya samaki, kwa sababu nyama ya mnyama wa miguu minne walikuwa wamekatazwa. Habari ya mabwawa iliwapandisha cheo sana. Kabla ya hapo walikuwa wazungu wa mbali wasiojua kupika; baada ya hapo wakawa watu wa samaki, na mtu wa samaki ana haki ya kusemwa kama jirani. Wanawake walitaka kujua kama samaki wale walikaushwa kwa jua au kwa moshi. Kitabu hakikusema. Niliulizwa mara tatu, mara ya tatu kwa ukali, kana kwamba nawaficha.

Kilichowashinda ni ule ukimya. Wasistersia hawakuongea ovyo. Mezani, kazini, hata njiani, walitumia ishara za mikono, na kitabu kilieleza baadhi yake: samaki ni kiganja kinachotikisika kama mkia majini. Mmoja wa wanawake wetu wa Kongo alisema hiyo si dini, hao walikuwa wamenuniana, ila waliona haya kusema. Lakini ishara walizipenda. Kwa siku mbili walitunga za kwao: ya chumvi, ya mnunuzi mchoyo, ya mama mkwe anayekuja kwa mbali. Asubuhi moja wakaamua kugeuza chisense zote kimonaki, bila neno. Walifika katikati ya uwanja. Kuku jike wa jirani akaingia na vifaranga saba, na yaliyotoka katika midomo ile sita, Wasistersia wasingeyasikia katika maisha yao yote.

Nilikuwa na raha, nasema wazi. Tangu tuvuke ziwa hakuna mtu aliyekuwa amenitazama kama mwalimu. Sasa walikuwa wananisubiri. Nikichelewa kwa sababu ya pancha, nakuta wamenitandikia gunia safi.

Tulipofika sura ya ugomvi, ambapo wamonaki waliziba mto kwa ajili ya mabwawa yao na wanakijiji wa chini wakakosa samaki, hapo uwanja ukagawanyika. Wabemba walikuwa upande wa kijiji. Wakongo walikuwa upande wa monasteri, kwa sababu, walisema, mtu aliyepewa matope akayageuza shamba hawezi kuambiwa amechukua cha watu. Walibishana mpaka samaki wakakauka kupita kiasi. Mama yangu peke yake hakuchagua upande. Alikuwa anachambua majani kutoka kwenye chisense, moja moja, na akauliza swali ambalo halikuwa katika ugomvi.

"Bakikufa, banabazika wapi?"

Nikatafuta. Kitabu kilisema walizikwa upande wa mashariki wa kanisa, kwenye majani, bila jeneza na bila jina.

"Bila jina," akarudia mama, akaendelea kuchambua.

Nilijua alikuwa amekwenda wapi kimawazo, na sikumfuata. Baba alifariki siku mbili kabla hatujakimbia. Tulimzika nyuma ya nyumba, asubuhi, haraka haraka, watu wanne tu, na mmoja wao alikuwa akiangalia njia badala ya kaburi. Hatukuweka msalaba. Hatukukaa kilio. Mama hakupata hata siku moja ya kukaa chini kwenye mkeka akaliliwa na wenzake kama mke wa mtu. Tangu hapo, kila mwaka mvua zikiisha, alikuwa ananiambia anataka kurudi amuone mzee, na kila mwaka nilikuwa na sababu. Mwaka mmoja ni watu wa bunduki. Mwaka mwingine ni karatasi. Mwaka mwingine ni goti langu, ambalo lilikuwa linapanda baiskeli kila siku bila kulalamika. Sababu yenyewe sikumwambia. Niliogopa tufike tukute hakuna kitu, halafu niwe na mama ambaye hana hata pa kutaka kurudi.

Kisha kitabu kikaisha. Ukurasa wa mwisho uliobaki ulisema kwamba watu wa mfalme walifika langoni asubuhi, wakamwita abate, na baada ya hapo ni ukingo wa mchwa, wenye meno madogo madogo. Nilikuwa nimeuona mwisho huo tangu zamani, lakini mimi ni mtu wa kuamini kwamba jambo litajipanga lenyewe. Nikainua kichwa. Wanawake sita walikuwa wameacha kazi. Upande wa Kilwa, kisiwa cha humu humu ziwani, palikuwa na wingu.

"Abate akaitika," nikasema, macho yangu yakiwa kwenye ukurasa.

Sikujua kama nina kipaji kile. Niliwatoa wamonaki nje ya lango, mmoja mmoja, kila mtu na kifurushi. Nikawapa mpaka jioni kuondoka. Nikaweka ukungu. Abate alifunga mlango wa kanisa kwa ufunguo, akasahau kwamba hautafunguliwa tena, akautia ufunguo mfukoni. Walitembea siku nyingi, wakatawanyika, wakafia kwa watu. Lakini mmoja wao, mzee kuliko wote, miaka ilipopita, alirudi. Alikuta kanisa halipo. Mawe yake yalikuwa kwenye majiko ya watu na mazizi ya nguruwe. Akazunguka, akauliza, akacheka na kulia, mpaka akafika kwenye yale majani ya upande wa mashariki, akawakuta wenzake walipo. Akakaa nao mchana kutwa. Kisha akainuka, akaenda zake, na tangu siku ile alilala usingizi mzuri.

Mama wa kicheko alikuwa analia waziwazi, akijifuta kwa kiganja chenye magamba ya samaki. Wingu likapita bila kunyesha. Walinijazia bakuli la chisense nzuri, zile za kuuzia, nami nikazipokea bila aibu yoyote. Njiani nilikuwa napiga mluzi.

Wiki iliyofuata nilimkuta mama amefunga kitenge chake cha kanisani, jembe dogo na unga katika mfuko mmoja.

"Unaenda wapi, mama?"

"Ngambo. Boti ya bachuuzi inaenda kesho."

"Mama, tulishazungumza."

"Tulizungumza kabla ya kitabu. Yule muzee alirudia, ao hakurudia?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nilikuwa nimekaa kivulini, kwa ajili ya bakuli la samaki na sifa kidogo, nikamkatia mama yangu mwenyewe tiketi ya kuvuka ziwa. Sikuwa na njia ila kusema kweli, jambo ambalo kwa mtu aliyekuwa mwalimu linauma kuliko goti.

"Mama, ule mwisho haukuwa mu kitabu. Mchwa walikula karatasi. Niliutunga miye mwenyewe."

"Najua."

"Unajua namna gani? Hausomaki."

"Sisomaki, lakini niko na macho. Ukisomaka, macho yako inatembea, inafika mwisho, inarudia nyuma, inatembea tena. Ile siku ilisimama fasi moya. Na mukono yako haikugeuza karatasi hata mara moya. Bote balikuwa banalia, miye nilikuwa nakuangalia."

"Basi juu ya nini unaenda?"

Akaketi juu ya mfuko wake.

"Juu haikuwa kitabu ndiyo ilisema muzee alirudia. Kama ni kitabu, ningesema, bon, ni mambo ya bazungu. Ni weye ulisema. Miaka yote unaniambia apana. Siku moya hakuna mutu anakulazimisha, karatasi imeisha, unaweza kumupeleka ule muzee fasi yote unataka. Ukamupeleka ku makaburi."

Nikaenda kwa wakuu wa wakimbizi kuomba ruhusa ya siku chache, na goti langu likapona njiani.

Tulivuka mchana, juu ya magunia, kati ya watu waliokuwa wakigombea kivuli cha mwavuli mmoja. Mimi nilikuwa naongea mfululizo kwa woga. Nilimwandaa mama: labda nyumba imeanguka, labda kuna watu wengine, labda mahali penyewe hatutapatambua. Alinisikiliza kwa muda, kisha akaweka kidole mdomoni, kimonaki kabisa, na watu wa boti wakacheka bila kujua wanacheka nini.

Tulipofika, yote niliyoyasema yalikuwa kweli, na sikufurahi kwamba nilikuwa sahihi. Nyumba yetu haikuwepo, hata mraba wake haukuonekana. Kanisa letu la matofali ya kuchoma nalo lilikuwa limekwisha. Matofali yake niliyaona njiani, mawili kwenye jiko hili, kumi kwenye ukuta ule, safu nzima yakizuia mbuzi wa mtu. Nilikuwa nimewasimulia wanawake wa Kabuta mambo hayo hayo kwa sauti nzuri. Sasa nilikuwa nayatazama kwa macho yangu.

Watu waliokaa pale hatukuwajua. Walikuwa wamekimbia kwao kama sisi tulivyokimbia pale. Walitupokea kwa adabu na kwa macho makali, kwa maana mgeni anayetazamatazama ardhi huwa amekuja kuidai. Mama akahesabu hatua kutoka kwenye kijito, akasimama, akageukia upande wa kulia. Mbele yetu palikuwa na shamba la mihogo, limelimwa vizuri, matuta yamenyooka, na mwanamke mmoja wa umri wangu alikuwa ndani yake na jembe. Alipotuona alikuja mpaka ukingoni akasimama, jembe mkononi.

"Hii shamba ni yangu," alisema kabla hatujamsalimu. "Nililimaka hii fasi wakati ilikuwa pori."

"Ni yako, mwana yangu," mama akajibu. "Sikukuja juu ya shamba. Nakuja kumuona mutu."

"Mutu gani? Huku nyuma hakukalaka mutu."

Mama akanigeukia. Nikasema mimi. Nilisema kwamba zamani hapa palikuwa na nyumba, na nyuma ya nyumba tulimzika baba, bila msalaba, kwa haraka, na kwamba kama jembe limekwisha kupita juu yake hatutamlaumu, hakuweza kujua. Niliyasema vizuri, kama hotuba, kwa sababu nilikuwa nimeyaandaa tangu kwenye boti. Nilikuwa tayari kumshika mama asianguke.

Yule mwanamke akatutazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akageuka, akatuashiria kwa kichwa tumfuate katikati ya mihogo.

Matuta yalikwenda sawa, moja baada ya jingine, mpaka mahali fulani yakapinda. Yalizunguka kipande kidogo cha ardhi, urefu wa mtu aliyelala, kisha yakaungana tena upande wa pili na kuendelea. Ndani ya kipande kile hapakuwa na mhogo. Majani yalikuwa yamefyekwa, mafupi, si ya jana wala juzi tu. Yalikuwa yanafyekwa kila mara.

"Wakati nililima mara ya kwanza," alisema, "niliona udongo inashuka hapa, namna hii, murefu. Nikasema, hapa kuko mutu. Sikujua ni nani. Nikamuzunguka."

Mama akakaa chini. Hakutafuta mkeka, alikaa tu, akanyoosha miguu mbele yake jinsi wajane wanavyokaa, akalia kilio chote alichokibeba tangu siku ile. Yule mwanamke akalaza jembe, akaketi kando yake, bega kwa bega, akamlilia naye, mtu asiyemjua, kwa sababu mwanamke haachwi kulia peke yake. Mimi nilisimama.

Jua lilikuwa limesogea sana walipotulia. Mwanamke akajifuta uso, akamgeukia mama.

"Mama, kila asubuhi nikipitaka hapa na jembe, namusalimia. Si vizuri kupitia mutu kimya. Lakini sikujua nimuite nani. Ninamuitaka tu Muzee. Jina yake ni nani?"

Mama akamwambia. Alilitaja jina lote, la ubatizo na la ukoo, pole pole, kama mtu anayekabidhi kitu cha kuvunjika. Yule mwanamke akalijaribu mdomoni mara mbili, mpaka likakaa sawa. Kisha akainama juu ya majani yale mafupi, akamsalimu baba yangu kwa jina lake.